Cheti cha Kamanda

Nawaambia mapema: hii hamtaiamini. Na asiyeamini asikae amekunja mikono kama mzee wa baraza. Anyooshe kidole juu nimwone, nimfuate hapohapo alipokaa, nimtoe jasho mbele ya mkwe wake. Hakuna? Hata nyinyi wasomi wa mstari wa mbele, mnaokuja na kalamu tatu kuandika nukta moja? Haya. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tusigombanie hilo, lakini hiki nitakachowapa leo huko mlikosoma hakikufundishwa.

Na leo sikuja kuwachekesha. Nimekuja na hasira. Nimeamka nayo, nimepanda nayo basi, nimeimba nayo mapambio humu kanisani mkidhani nimejaa furaha. Nitakayemkanyaga asilalamike kwamba nimemkanyaga; aondoe mguu.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea mageti, katika mji mdogo wa njia panda, kule kwenye baridi na viazi. Fundi kwelikweli. Geti lake ulikuwa ukilifungua kwa kidole kimoja na linajifunga kwa adabu. Mtu huyu alikuwa na mke, binti mmoja wa miaka saba, na mbwa mmoja mweusi, kifua kipana kama mlango, jina lake Kamanda.

Kamanda alipata jina kwa kazi. Siku moja mwizi aliingia karakana kuiba mtungi wa gesi, na asubuhi fundi akamkuta mtu mzima amesimama ukutani, suruali yake iko mdomoni mwa mbwa, hathubutu hata kupiga chafya. Tangu siku ile fundi akapata kazi ya pili: kutamba. Ukimsalimia yeye, anakujibu habari za Kamanda. Ukimuuliza hali ya mke, anasema Kamanda amekula vizuri.

Na hakumnyima kitu. Mnyororo alimsokotea mwenyewe, pete kwa pete. Kibanda alikiezeka bati jipya wakati jikoni kwa mkewe panavuja. Juu ya geti akachomelea herufi za chuma, kila moja urefu wa mkono kuanzia kiwiko, akazipaka rangi nyekundu: MBWA MKALI. Watu walitoka mitaa mingine kuja kupiga picha.

Sasa mimi nauliza. Daktari wa Kamanda alikuwa nani?

Msitazamane. Yeye mwenyewe mngemuuliza angewajibu Kamanda amekula vizuri.

Daktari wa mifugo alikuwepo, mama mmoja, duka lake la dawa liko nyuma ya machinjio, mwendo wa dakika kumi, na ukienda huku unasimama kusalimia watu, kumi na tano. Mke wa fundi alimjua. Chanjo ya kuku wake alikuwa akinunua pale. Akamwambia mumewe mambo mawili tu. La kwanza, ampeleke Kamanda angali mzima, daktari amjue, ajue uzito wake na tabia yake, asije akakutana naye mara ya kwanza siku ya kufa. La pili, achomelee kibubu kidogo cha bati, kila geti likiuzwa wadumbukize chochote humo, kiwe cha mbwa, maana mnyama naye huugua, na ugonjwa haungoji msimu wa mageti.

Fundi alicheka mpaka akaketi juu ya mtungi. Kibubu cha mbwa, akasema, halafu kesho tumkatie paka bima. Lakini hakukataa. Aliahidi atakichomelea vikibaki vipande vya bati. Vipande vikabaki. Akavitengenezea kijiko kirefu cha kuchomea nyama. Vikabaki tena. Akatengeneza meza ya kuwekea spika.

Nawaona mnavyotabasamu. Tabasamu hilo nalijua. Ni la mtu anayefahamu kwamba nyumbani kwake kuna meza ya spika.

Basi ikafika siku ya chanjo. Kila mwaka daktari yule na wenzake wanachanja mbwa uwanjani, karibu na ofisi ya kata, na mwaka ule ilikuwa bure. Bure, nimesema. Mbwa wakaja kwa kamba, wengine wamebebwa ndani ya magunia juu ya baiskeli, mmoja kaletwa kwa toroli amejilaza kama mwenyekiti wa chama. Fundi naye akaja. Bila Kamanda. Kuna imani kule, na najua hata hapa ipo msinikazie macho, kwamba mbwa akichanjwa anapoa, ukali unatoka na sindano. Basi fundi kasimama njiani kifua mbele, anawatania wenye mbwa, anawaambia wanawapeleka mabondia wao wakafanywe masista. Na wapo waliogeuza. Wanaume watatu, na kamba zao mkononi, walirudi nyumbani kwa ajili ya mdomo wa mtu mmoja.

Daktari akatoka na glavu zake akamfuata palepale.

"Fundi, wako yuko wapi?"

"Wangu yuko kazini, daktari. Hawa mnaowachoma wanapoa. Kesho mwizi akija watamvutia kiti."

"Kwa hiyo chanjo inaondoa ukali."

"Naona kwa macho yangu."

"Basi mama yako kliniki hakukupeleka," daktari akasema, "maana wewe hujapoa hata kidogo."

Uwanja ukalipuka. Mpaka mwenyekiti wa mtaa alishika tumbo. Fundi akacheka nao, meno nje, lakini ndani kitu kikamkwama kama mwiba wa samaki. Na palepale, bila kumwambia mtu, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga duka la mwanamke yule. Mnanisikia? Mtu amechekwa dakika moja, akaamua kukaa bila daktari maisha yake yote. Na sisi tunasema watoto ndio wana hasira za kijinga.

Ukapita mwezi. Alfajiri moja mbwa mgeni, mwembamba, mate yanamning'inia, akakatiza kwenye mashamba ya viazi akaja mpaka getini. Kamanda akamrukia. Walipigana mpaka yule mgeni akaondoka anayumba, na Kamanda akarudi mdomo wa juu umepasuka. Ukamsikia fundi siku hiyo. Kila aliyepita karakana alisimuliwa pigano lile, na kila akisimuliwa, yule mbwa mgeni aliongezeka ukubwa. Ilipofika jioni alikuwa fisi.

Mkewe hakutaka hadithi. Alisema mbwa apelekwe kwa daktari leo, si kesho. Fundi akatuma mtu kuuliza gharama. Jibu likaja: kidonda, chanjo, na kurudishwa mara kadhaa aangaliwe, jumla yake kama bei ya nondo za dirisha moja. Dirisha moja, ndugu zangu. Kama kile kibubu kingekuwepo, kingelipa na chenji ikabaki. Fundi akamwambia mkewe hana pesa. Alikuwa nazo, za spika. Alichokuwa hana ni uso wa kuingia nao mle dukani.

Na shetani hana haja ya kuvunja geti. Anangoja siku ambayo mwenye nyumba hana uso.

Siku ya pili akaja kijana kwenye pikipiki. Koti jeupe, barakoa, miwani ya kioo kitupu, boksi la barafu limefungwa nyuma kwa mpira. Mtanashati, hilo lazima niseme. Akasimama nje akazisoma zile herufi nyekundu taratibu, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Hakumuuliza fundi mbwa anaumwa nini. Alimuuliza anaogopa nini. Fundi akajibu haraka: asije akapoa.

"Basi mzee wangu una bahati," kijana akasema. "Ninayo ile ya mbwa wa polisi. Haipozi. Inaongeza."

Bei yake ilikuwa robo ya ile ya daktari. Kamanda akafungwa mdomo kwa kamba, akadungwa. Mke wa fundi alisimama mlangoni, akauliza mbona kile kidonda cha mdomoni hakitazamwi. Kijana akamwambia, "Mama, dawa inajua njia," akaandika cheti, akakigonga muhuri mwekundu, akawasha pikipiki.

Fundi alikichomelea cheti kile fremu. Fremu ya chuma, kioo mbele, maua kwenye kona nne. Akakitundika sebuleni, mahali ilipokuwa picha ya harusi.

Zikapita wiki sita, Kamanda akaanza kubadilika. Sauti ikakwaruza, ungedhani geti lisilo na grisi. Chakula anakinusa anakiacha, halafu anatafuna mti wa kibanda. Akauma mnyororo mpaka jino likavunjika. Mke akasema huyu mbwa anaumwa. Na fundi, sikilizeni vizuri, fundi alifurahi. Dawa inafanya kazi, akasema. Ukali unapanda. Akawaita jamaa zake wa kijiweni waje kuangalia, wakasimama mbali wakapiga makofi. Watu wazima walimpigia makofi mgonjwa.

Mchana wa Alhamisi yule binti, ambaye ndiye aliyemlea Kamanda tangu hajafumbua macho, alimwonea huruma. Akamchotea maji kwenye sufuria. Kamanda alipoyaona maji koo likamkaba, akageuka, akamdaka mkono.

Fundi alimbeba mwanawe akakimbia zahanati. Lakini kabla ya kukimbia, na hapa ndipo mtasema naongopa, alirudi ndani akatoa fremu ukutani. Kwa hiyo bega la kulia mtoto, kwapa la kushoto cheti.

Muuguzi alikuwa peke yake na foleni ya kina mama mpaka nje. Akauosha mkono kwa sabuni na maji mengi, akaufunga. Akauliza kama mbwa amechanjwa. Fundi akainua fremu juu, muhuri mwekundu ukang'aa nyuma ya kioo. Muuguzi akauliza swali moja la mwisho: huyo mbwa amebadilika chochote siku hizi?

Swali moja. Mtoto wake yuko hapo, damu imepita kwenye bendeji. Akisema ndiyo, anakiri cheti ni cha uongo, mkewe alikuwa sahihi, na daktari wa nyuma ya machinjio alikuwa sahihi. Akasema:

"Hapana, dada. Yuko vilevile. Mkali tu."

Akaambiwa basi amfunge mbwa, amwangalie siku kumi, akiona tofauti arudi upesi. Wakaondoka bila sindano.

Mnajua kilichomwokoa mtoto yule? Si akili ya baba yake. Ni majivuno yaleyale. Njia ya kurudi nyumbani inapita nyuma ya machinjio, na fundi hakuweza kupita duka lile na cheti kwapani akanyamaza. Akasimama mlangoni, mtoto begani, akamwambia daktari ajionee, mbwa wake amechanjwa na anauma bado. Akampa fremu.

Daktari aliitazama fremu kidogo tu. Akamtazama mtoto zaidi. Akauliza kama Kamanda anakunywa maji.

"Hanywi," mtoto akasema. "Nilimpelekea mimi, akayakasirikia."

Daktari akaipeleka fremu kwenye mwanga. Muhuri ulikuwa umegongwa kichwa chini, wino umetapakaa. Akaigeuza fremu.

"Soma, fundi."

Fundi akasoma. Hakukuwa na jina la daktari. Hakukuwa na jina la ofisi. Ulikuwa muhuri wa dukani, wa kugongea risiti, na uliandikwa neno moja: IMELIPWA. Wiki sita alikuwa ameuning'iniza sebuleni. Hakuwahi kuusoma.

Daktari hakumcheka safari hii. Alifunga duka wateja wakiwa ndani, akasimamisha pikipiki, akapanda na mtoto na baba mpaka hospitali ya wilaya, akawaeleza wauguzi kila alichosikia kuhusu maji, kwamba hicho ni kichaa cha mbwa. Sindano ya kwanza ilichomwa kabla jua halijazama, na nyingine kwa siku zake, mpaka zikaisha. Mtoto yupo hai. Kovu analo, kamba anaruka. Jioni ileile daktari alirudi akammaliza Kamanda kwa risasi kutoka mbali, amefungwa kwenye geti, chini ya herufi za jina lake la sifa.

Sasa tuje kwetu, na msianze kukusanya miamvuli.

Sisi tunapenda kulindwa, hatupendi kutunza anayetulinda. Una mbwa? Una paka anayekulia panya stoo? Taja jina la daktari wake. Si ukishampata anatetemeka ndiyo uanze kuuliza kijiweni nani anajua mtu mwenye dawa. Mtafute leo akiwa mzima. Nenda umwone kwa macho, uliza bei yake, uliza siku za chanjo, uliza ukimhitaji Jumapili anapatikana wapi, halafu rudi nyumbani utenge kidogo kidogo. Kama huwezi kutenga, usifuge. Mrudishie mwenzio mtoto wa mbwa wake. Mnyama hakukuomba umchukue.

Ila hasira yangu haiishii kwa mbwa. Ni mara ngapi tumemkimbia anayejua kwa sababu alitufanya tuchekwe mbele ya uwanja? Ni mara ngapi tumeona ugonjwa tukauita nguvu, mtoto anageuka jeuri tunasema huyu mwanaume, mume anapiga tunasema huyu ana msimamo, tukawaita jirani waje kupiga makofi? Tumetundika mihuri ukutani hatujaisoma. Umebatizwa, imelipwa. Umefunga ndoa, imelipwa. Unatoa fungu la kumi, imelipwa. Na kibandani kitu kinatafuna mti, na unaulizwa swali moja, kuna kilichobadilika? Na wewe unajibu, hapana dada.

Naona mnangoja nimlaani yule kijana wa boksi. Nimewaona tangu nimtaje mmekaa ukingoni mwa benchi. Mnaona fundi nimempiga, jamaa wa kijiweni nimewapiga, na yule mwizi wa koti jeupe nimempitia pembeni kama maji ya mtaro. Nimemsifia hata utanashati.

Kuna kipande nimekiruka.

Muhuri ule wa IMELIPWA ulikuwa wa dukani kwa mjomba wangu. Nilikuwa nauza sabuni kwake; alinifukuza, nikaondoka nao. Maji yaliyokuwa ndani ya sindano niliyachota kisimani nikayachemsha kwenye birika, nikajiona mtu mwema kwa kuyachemsha. Na habari za yule mtoto zilinikuta stendi ya mji mwingine, madereva wanazisimulia kama kichekesho, fundi na fremu yake kwapani. Nilicheka nao. Nilicheka kuliko wote, ili mtu asinitazame.

Nimeokoka miezi mitano sasa, mnanishangilia kila nikipanda hapa, na sijawahi kulisema hili. Jumanne iliyopita nilikwenda. Nilifika mpaka getini kwa fundi. Zile herufi bado zipo, MBWA MKALI, rangi imeanza kubanduka. Kibanda kitupu. Ukutani, pembeni ya mlango, kimetundikwa kibubu cha bati. Sijui wanakiwekea nini sasa. Mimi niliyemdunga Kamanda bila kutetemeka, niliogopa geti lisilo na mbwa. Nikageuka.

Na si geti moja. Mji ule nilidunga mbwa tisa wengine. Nyumba zao nazikumbuka zote, na huenda mpaka leo vyeti vyangu viko kwenye kuta zao, na watoto wao wanapeleka maji.

Jumanne hii narudi. Naanzia nyuma ya machinjio, kwa yule mama, nimtajie zile nyumba tisa, na akitaka kuita polisi nitakaa kwenye benchi lake niwangoje. Kisha kwa fundi. Nilipoanza niliwaambia asiyeniamini anyooshe kidole. Sasa nageuza. Nani ananiamini kwamba nitakwenda? Namtaka huyo mmoja. Aje asimame na mimi pale getini, na mkono wangu ukikataa, abishe hodi yeye.